Ufaulu Ukishuka, Je, Mageuzi ya Elimu Yameshindwa?

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapotangaza matokeo, mjadala ule ule huzuka upya jijini Dar es Salaam, kuanzia ndani ya daladala za Mbagala na Gongo la Mboto hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Ufaulu ukipanda kidogo, wapo wanaosema mageuzi ya elimu yamezaa matunda; ukishuka kidogo, wapo wanaolalamika kwamba watoto wetu wanafanyiwa majaribio. Mkanganyiko umezidi tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024 katika elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu, pamoja na kidato cha kwanza katika shule za mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi. Umezidi tena baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, kuzinduliwa rasmi Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Mzazi ana haki kamili ya kuuliza kama mabadiliko haya yanawasaidia watoto kusoma, kuhesabu na kutumia kompyuta. Swali hilo lina njia yake ya kujibiwa, lakini asilimia ya ufaulu peke yake haiwezi kulijibu, na wakati mwingine huonyesha kinyume kabisa cha kilichotokea.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mageuzi ya elimu ni mabadiliko yanayofanywa kwa makusudi katika mfumo mzima wa shule za nchi: mtaala, muda wa masomo, mafunzo ya walimu, vitabu, ada, au namna fedha zinavyofika shuleni. Ufuatiliaji ni kazi ya kuhakiki kama yale yaliyopangwa yamefanyika. Tathmini ni kazi ya kuchunguza kama yale yaliyofanyika yameleta badiliko lililokusudiwa, na kwa kiasi gani. Kazi hizi mbili hutajwa pamoja mara nyingi kiasi kwamba wengi huzichukulia kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo upotofu wa kwanza unapozaliwa.

Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa Sh trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya madarasa 15,000, vikiwamo 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Kuvihesabu vyumba hivyo, kukagua mabati yake na kuthibitisha kwamba madawati yamefika ni ufuatiliaji, na ni kazi ya lazima kwa sababu fedha ni za wananchi. Vivyo hivyo, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vilipogawiwa kwa walimu, orodha ya shule zilizovipokea ilikuwa taarifa ya ufuatiliaji. Lakini chumba kipya hakisomi na kishikwambi hakihesabu. Kujua kama mtoto aliyehamishwa kutoka darasa lenye watoto 150 kwenda darasa lenye 60 sasa anasoma aya moja na kuielewa ni suala la tathmini, na jibu lake halipatikani kwa kuhesabu majengo.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Kusoma ni stadi inayopimika kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Katika upimaji wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, mtoto wa darasa la pili hukaa na mpimaji mmoja, hupewa silabi, maneno na kisha hadithi fupi. Mpimaji huangalia anasoma maneno mangapi kwa dakika bila kukosea, kisha humwuliza maswali kuhusu alichosoma. Sehemu ya maswali ndiyo yenye uzito, kwa sababu wapo watoto wanaotamka kila neno kwa ufasaha bila kujua hadithi inamhusu nani. Mpango wa Uwezo wa shirika la Twaweza ulitumia njia inayokaribiana na hiyo ulipoanza kutoa ripoti zake nchini mwaka 2010. Jambo jipya lilikuwa kwamba wapimaji walikwenda nyumbani, wakawapima watoto wa miaka 7 hadi 16 kwa kiwango cha darasa la pili, wakiwamo wasiokwenda shule kabisa. Ripoti zake ziliishtua nchi, kwa kuwa ziligundua watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili.

Watu wengi walishindwa kuelewa, kwa sababu kipindi kile kile Tanzania ilikuwa na sifa ya kinyume. Katika upimaji wa SACMEQ wa mwaka 2007, unaolinganisha wanafunzi wa darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania Bara ilipata wastani wa takribani alama 578 katika kusoma, ikiwa juu kabisa ya kundi lote, wakati Kenya ilikuwa na 543. Je, nani alisema kweli? Wote wawili. SACMEQ iliwapima watoto waliofika darasa la sita na waliokuwa shuleni siku ya mtihani, na watoto wa Bara walijibu kwa Kiswahili ilhali wenzao wa nchi nyingi walijibu kwa Kiingereza wanachokikuta shuleni tu. Uwezo uliwatafuta hata wale ambao shule ilishawapoteza. Kwa hiyo, kabla ya kubishana kuhusu takwimu yoyote ya elimu, inafaa kuuliza ni nani waliopimwa, na kwa lugha gani.

Suala la lugha ni zito zaidi katika Hisabati. Mtoto wa shule ya msingi ya umma huhesabu kwa Kiswahili kwa miaka yote, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta sehemu, eneo na mzingo vimegeuka kuwa maneno ya Kiingereza. Ufaulu wa jumla wa kumaliza elimu ya msingi katika miaka ya karibuni umekuwa takribani asilimia 80, lakini katika mtihani wa kidato cha nne ufaulu wa Hisabati umekuwa ukizunguka kati ya asilimia 20 na 25. Swali la Hisabati lililoandikwa kwa Kiingereza kigumu hupima mambo mawili kwa pamoja, na anayesahihisha hana namna ya kujua mtoto ameshindwa lipi. Naamini tathmini yoyote ya mageuzi ya Hisabati isiyotenganisha mambo hayo mawili itamlaumu mwalimu wa Hisabati kwa kosa lisilo lake.

Kipimo pia hubadilishwa. Wengi wanakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013 na kuonyesha ufaulu wa asilimia 34.5. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwezi Mei matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya kwa kufuata utaratibu wa alama uliotumika mwaka 2011. Ufaulu ukawa asilimia 43.08. Kati ya Februari na Mei hakuna mwanafunzi aliyeingia darasani, aliyefungua daftari wala aliyeandika jibu jipya. Ujuzi wao ulibaki pale pale, kilichosogea ni mstari wa kufaulu. Muda mfupi baadaye madaraja yakaachwa na mfumo wa wastani wa alama ukaanza kutumika, kisha mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Anayechora mstari wa ufaulu kutoka 2010 hadi 2016 na kudai kwamba unaonyesha kupanda au kushuka kwa elimu anaunganisha namba zisizounganika.

Tuseme basi kwamba kipimo kimetulia na tumewapima watoto wote kwa haki. Bado kuna swali gumu kuliko yote: kama watoto wanasoma vizuri zaidi leo, tunajuaje kwamba ni kwa sababu ya mageuzi? Chukua mfano wa mama anayeuza vitumbua Manzese. Wiki moja amebadilisha aina ya unga na pia amehamisha meza yake karibu na kituo cha mwendokasi, na mauzo yakaongezeka maradufu. Hawezi kujua kama wateja wamefuata ladha au wamefuata njia, labda awe na ndugu yake anayeendelea kutumia unga wa zamani kwenye kituo hicho hicho. Ndugu huyo ndiye wataalamu wanayemwita kundi linganishi: watu wanaofanana na walioguswa na mabadiliko kwa kila hali, isipokuwa kwa lile jambo moja linalochunguzwa.

Mageuzi ya elimu karibu kila mara huja kama wiki ile ya mama wa vitumbua. Mwaka 2013 ulikuja Matokeo Makubwa Sasa, mpango wa Serikali wa kuharakisha maendeleo, mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili, na Januari 2016 ukaanza utekelezaji wa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, watoto wakafurika shuleni. Katika miaka hiyo hiyo miradi ya wafadhili ilikuwa ikifundisha walimu katika mikoa kadhaa. Yeyote aliyeibuka mwaka 2018 na kudai kwamba mradi wake ndio uliobadilisha usomaji alipaswa kuonyesha kundi lake linganishi.

Hapa nchini tunao mfano mzuri wa jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na nasikitika kwamba haujulikani sana nje ya duru za watafiti. Mwaka 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza wa Twaweza uliendeshwa katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Kwa bahati nasibu, shule 70 zilipelekewa moja kwa moja ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika nyingine 70 walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa bonasi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Hesabu au Kiingereza. Nyingine 70 zilipewa vyote viwili. Na 140 zilibaki kama zilivyokuwa ili ziwe kundi linganishi. Matokeo, yaliyochapishwa kitaalamu mwaka 2019, yaliwashangaza watu wa pande zote. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko, ikionekana zaidi katika jaribio lenye fedha kuliko katika jaribio lisilo na maslahi yoyote kwa mwalimu. Shule zilizopata vyote viwili ndizo ambazo watoto walijifunza zaidi kwa namna iliyo wazi. Bila zile shule 140, kila upande ungejitangazia ushindi, kwa maana watoto wa shule zote hukua na kujifunza kitu fulani ndani ya miaka miwili.

Lakini huwezi kupiga bahati nasibu kwa mtaala wa taifa zima. Mtaala wa KKK wa 2015 ulianza kwa shule zote, Masaki na Masasi, kwa pamoja. Ulipunguza mrundikano wa masomo katika darasa la kwanza na la pili, ukaelekeza karibu asilimia 80 ya muda kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na Kiingereza kikaondolewa katika madarasa hayo. Watafiti walitumia ukweli kwamba mtaala haukuwagusa watoto wote kwa wakati mmoja: ulianza na madarasa fulani, ukayaacha mengine. Wakalinganisha mabadiliko ya alama za watoto wa madarasa yaliyoguswa na mabadiliko ya wale wa madarasa ambayo bado yalikuwa kwenye mtaala wa zamani. Baada ya mwaka mmoja, alama za Kiswahili na Hesabu zilikuwa zimepanda kwa kiasi ambacho, kwa lugha nyepesi, kingemtoa mtoto wa 50 kutoka chini kati ya watoto 100 na kumfikisha karibu nafasi ya 58. Pale ambapo walimu walipata mafunzo ya mtaala mapema, faida ilikuwa kubwa zaidi.

Kisha likaja jambo ambalo kila mzazi anayesoma matokeo angefaa kulifahamu. Miaka michache baadaye kulikuwa na dalili kwamba watoto waliopitia mtaala ule walipungua kuacha shule, na wakati huo huo wastani wa ufaulu katika Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne ulishuka. Mtu wa haraka angesema mtaala umeshindwa. Watafiti walieleza kwamba kushuka huko kulitokana na kubadilika kwa mchanganyiko wa watahiniwa: watoto dhaifu ambao zamani wangekuwa wameacha shule kabla ya darasa la nne, sasa walikuwa wamo ndani ya chumba cha mtihani.

Hesabu yake ni nyepesi, na naiweka hapa kwa namba za kubuni. Shule moja iliandikisha watoto 100 darasa la kwanza. 20 wakaacha njiani, 80 wakafanya mtihani wa darasa la nne na 68 wakafaulu, ambao ni ufaulu wa asilimia 85. Baada ya mageuzi, kati ya watoto 100 wanaacha 5 tu. 95 wanafanya mtihani na 72 wanafaulu. Ufaulu sasa ni asilimia 76. Kwenye ubao wa matangazo shule imeporomoka kwa pointi tisa, na huenda mwalimu mkuu akaitwa kujieleza, ilhali watoto wanne zaidi wamefaulu na 15 zaidi bado wamo shuleni. Hali hiyo hiyo inaweza kujitokeza kutokana na uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wanafunzi walioacha masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurejea katika mfumo rasmi. Ni uamuzi wa haki, na huenda ukashusha wastani mahali fulani bila mtoto hata mmoja kupoteza alichokijua. Shule inayowazuia watoto dhaifu wasifanye mtihani, au inayowashauri wazazi wao wawahamishe mapema, hupandisha ufaulu wake bila kumfundisha mtu yeyote. Kwa sababu hiyo niliuona uamuzi wa NECTA wa Januari 2023, wa kuacha kutangaza shule kumi bora, kuwa uamuzi sahihi, ingawa wazazi wengi wa jiji hili waliulalamikia. Orodha ile ilitueleza zaidi kuhusu nani aliyechaguliwa kuingia shule fulani kuliko kile shule ilichowaongezea.

Kosa hilo hilo hujitokeza tunapoulinganisha mkoa wa Dar es Salaam na mikoa mingine. Watoto wetu wanazungumza Kiswahili tangu nyumbani, wengi wanalipiwa twisheni, na shule binafsi zimejaa kila manispaa. Mkoa ukishika nafasi ya juu, sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilikuwapo kabla ya mageuzi yoyote kuanza. Kinachofaa kulinganishwa ni hatua aliyopiga mtoto kutoka alipokuwa, na hatua hiyo haiwezi kupimwa kama hatukuchukua takwimu za awali.

Kuhusu teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, nitasema machache, kwa sababu ushahidi wake ni mchache kuliko fedha zinazotumika. Watu huchanganya mambo mawili: kompyuta kama chombo cha kufundishia kusoma na kuhesabu, na kompyuta kama stadi anayotakiwa mtoto kuwa nayo. Kwa la kwanza, Peru iligawa kompyuta za mapajani kwa wingi katika shule za vijijini, na tathmini iliyohusisha shule 319 haikuona ongezeko lolote la alama za Hisabati wala lugha. Kwa upande mwingine, katika vijiji takribani 170 vya mkoa wa Tanga, kati ya 2017 na 2019, watoto ambao wengi wao hawakuwahi kwenda shule walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia zilizotengenezwa kwa Kiswahili, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 yao hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Kifaa kilikuwepo kote kuwili. Kilichotofautiana ni kilichomo ndani yake, lugha yake, na hali ya mtoto aliyekipokea.

Kwa la pili, stadi ya kompyuta haipimwi kwa mtihani wa karatasi unaomtaka mwanafunzi ataje sehemu za kompyuta. Hupimwa kwa kumkalisha mbele ya mashine na kumwambia aandike barua, aihifadhi na aipate tena kesho yake, apange takwimu kwenye jedwali, au atafute taarifa na aeleze kwa nini anaiamini. Shule ikiwa na kompyuta 10 kwa wanafunzi 80, kikosi cha wanane huzunguka kila mashine, na mmoja ndiye anayeshika kipanya. Taarifa itasema wanafunzi 80 wamefundishwa TEHAMA. Mpimaji makini atauliza ni wangapi walioshika kipanya, na kama wasichana walikuwa miongoni mwao.

Yaliyoelezwa hapa yatakuwa na umuhimu wa pekee mwaka 2027. Wanafunzi walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watafika darasa la sita mwaka huo, na kwa kuwa elimu ya msingi sasa ni ya miaka sita, watamaliza pamoja na wenzao wa darasa la saba waliosoma miaka saba kwa mtaala wa zamani. Mwaka 2028 makundi hayo mawili yatagonga hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Mijadala mingi hadi sasa imehusu madarasa na walimu wa kuwapokea, na hofu hiyo ina msingi. Lakini upo upande mwingine usiotajwa: kwa mwaka mmoja tu, katika shule zile zile, chini ya walimu wakuu wale wale, nchi itakuwa na makundi mawili ya wahitimu, moja la mtaala mpya na jingine la zamani. Sampuli ya wanafunzi wa makundi yote mawili ikifanya jaribio moja la kusoma, Hisabati na matumizi ya kompyuta, tofauti na mtihani wa kuhitimu na lisilo na zawadi wala adhabu kwa shule, na tofauti ya umri wa mwaka mmoja ikizingatiwa katika hesabu, tutapata linganisho ambalo halitarudi tena. Taasisi ya Elimu Tanzania na NECTA zinahitaji kuandaa maswali ya jaribio hilo na kuyajaribisha kabla ya mwaka huo, na kumbukumbu za watoto walioacha shule kutoka kila kundi zinahitaji kutunzwa kuanzia sasa, shule kwa shule, kwa kuwa watoto hao hawatakuwamo katika chumba cha mtihani mwaka 2027 na hawatahesabiwa na yeyote ambaye hakuwaandika mapema.